Stockholm, kula mchana: uzoefu wangu wa migahawa

Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu na marafiki wanaopanga kuja Stockholm ni hili: hivi kula mgahawani huko ni ghali kweli kama inavyosemwa? Jioni, ndiyo. Sahani moja ya kawaida, mahali pa kawaida, ni krona 250 za Uswidi na kuendelea, na hapo hujagusa kinywaji. Lakini saa sita mchana mji ni uleule na mambo ni tofauti kabisa, na mimi naona haki ya chakula cha Waswidi inatendeka mchana kuliko usiku.

Siku za kazi, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana hivi, migahawa mingi hutoa kinachoitwa dagens lunch, yaani chakula cha siku. Ni kati ya krona 130 na 170, na kwenye bei hiyo unapata sahani yako, saladi ya kujipakulia, mkate na siagi, maji, na mara nyingi kahawa ya kushushia. Kodi imo ndani. Bahshishi si lazima, na hakuna atakayekutazama vibaya usipoacha. Wanaopika mara nyingi ni haohao wa jioni. Ninachokipenda zaidi ni watu: fundi wa barabara mwenye fulana ya kung'aa amekaa meza moja na mwanasheria mwenye suti, wanakula kitu kimoja kwa bei moja. Ila wahi. Waswidi wanaanza kula saa tano na nusu, na ikifika saa sita kamili foleni iko mlangoni.

Ukiweza, chagua Alhamisi. Siku hiyo migahawa mingi hupika supu ya njegere kavu za njano, zilizochemshwa mpaka zimevurugika na kuwa nzito. Pembeni kuna haradali. Unachota kidogo kwa ncha ya kijiko unaikorogea humo, ukali wake unaiamsha supu yote. Ukimaliza zinafuata chapati za maji, na jamu na krimu iliyopigwa. Wenyewe wanasema desturi hii ni ya tangu enzi za Ukatoliki, watu waliposhiba Alhamisi ili wafunge Ijumaa. Tena inasimuliwa kwamba mfalme Erik XIV, aliyefariki mwaka 1577, alitiliwa sumu kwenye supu hiihii. Haijawazuia kuipenda.

Kwa wasiokula nguruwe, tahadhari ya kweli: supu hiyo kwa kawaida ina nyama ya nguruwe, na vile vitonge vya nyama maarufu, köttbullar, mara nyingi ni ng'ombe na nguruwe pamoja. Uliza kabla ya kuagiza. Hawachukii kuulizwa, na karibu wote wanazungumza Kiingereza.

Hizo köttbullar usizifuate Gamla Stan, mji wa kale, kwa kuvutwa na mabango ya picha. Nilikula mahali pamoja huko nisipopataja: vitonge baridi katikati, mchuzi umeganda ukingoni mwa sahani, na bei ya kumchuna mtalii. Vuka uende Södermalm, mtaa wa Blekingegatan, kwenye ukumbi mkongwe wa Pelikan wenye dari ya juu. Hapo vitonge ni vikubwa, vimekaangwa mpaka rangi imekolea, na huja na mchuzi wa krimu, tango la siki na lingon, tunda dogo jekundu lenye uchachu unaokata mafuta ya nyama. Pelikan si ya bei ya mchana, lakini kama ni mlo mmoja wa jioni katika safari nzima, mimi pesa yangu naitoa hapo.

Gamla Stan yenyewe ina mgahawa wa Den Gyldene Freden, uliofunguliwa mwaka 1722. Unamilikiwa na Akademia ya Uswidi, haohao wanaotoa Nobel ya fasihi iliyokwenda kwa mwana wa Zanzibar mwaka 2021, na kwa desturi wanaakademia hula hapo Alhamisi. Ni mahali pa siku maalumu, si pa mfuko wa kila siku.

Kwa samaki nina sehemu mbili. Ya kwanza ni Kajsas Fisk, chini ya uwanja wa Hötorget, ndani ya soko la Hötorgshallen. Agiza supu ya samaki: nzito, na juu yake kijiko cha mayonezi ya kitunguu saumu. Ukimaliza unaongezewa. Saa za mchana kupata kiti ni kazi, na mimi nimeshakula nimebanwa kwenye kona nikiwa na furaha tele.

Ya pili ni kibanda cha Nystekt Strömming, karibu na Slussen. Strömming ni samaki mdogo wa Bahari ya Baltiki. Anapasuliwa bapa, anaviringishwa kwenye unga wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, anakaangwa kwa siagi palepale. Ukimvunja, pembeni anakatika kwa kishindo kidogo, ndani laini na bado anatoa mvuke. Viazi vya kuponda, vitunguu vya siki, mkate mkavu, basi. Unakula umesimama huku shakwe wanakuvizia. Pilipili usitegemee, mimi hubeba yangu.

Kahawa na kitafunwa ni jambo zito hapa, na mgeni huambiwa ale andazi la mdalasini. Zuri, sina neno. Lakini mtu aliyekulia chai ya iliki aagize kardemummabulle, andazi la iliki. Iliki yake imetwangwa chengachenga, kwa hiyo unazitafuna punje zenyewe na harufu inapanda puani. Mkahawa wa Vete-Katten, mtaa wa Kungsgatan, uliopo tangu mwaka 1928, wanalitengeneza vizuri, na vyumba vyake vya ndani vinakalika hata kwa mtu aliye peke yake.

Ukichoka na viazi, panda treni ya chini ya ardhi, njia ya buluu, mpaka Rinkeby. Huko kuna migahawa ya Wasomali: wali wenye viungo, mbuzi aliyeiva mpaka anaachia mfupa, na ndizi mbivu pembeni. Nyama ni halali. Wengi wao walipitia Kenya, na usishangae kuhudumiwa kwa Kiswahili. Mama mmoja alinisikia nikiongea na simu, akaja na sufuria: "Kaka, nikuongeze mchuzi, ama umeshiba?" Sahani ile ilitosha watu wawili. Watalii hawafiki huko, na wanakosa.

Fedha taslimu acha nyumbani. Sehemu nyingi hawapokei, ni kadi tu. Swish, malipo ya simu wanayotumia wenyeji, yanahitaji akaunti ya benki ya Uswidi. Na Julai Waswidi wanakwenda likizo, migahawa mingi ya chakula cha mchana inafunga kwa wiki kadhaa. Kama unaweza kuchagua mwezi, njoo Mei au Septemba.