Vitabu Vyenye Jasho

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho huku Tandahimba. Minada ikiisha na ghala likibaki tupu, nasoma. Kila riwaya nailetea swali moja: watu wa humu wanakula nini, na nani kakitafuta? Kisichojibu hunichosha, hata kisifiwe na dunia nzima.

Shujaa Okonkwo cha Chinua Achebe kinajibu mapema. Okonkwo hakurithi kitu, kwa hiyo anakwenda kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu za viazi vikuu. Anapewa 800, na kwa utaratibu ule mavuno yatakayobaki kwake ni theluthi tu. Mwaka huohuo jua linaunguza mashamba, kisha mvua inashuka bila kukoma. Hapo niliwaona wakulima wetu waliokopa salfa, wakapulizia mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na mvua ikawakuta maua yakiwa juu. Ni Nigeria ile, lakini machungu ya mkopaji nayajua. Ukali wa Okonkwo kwa wake zake na wanawe naona ulikotoka, na siukubali hata kidogo.

Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyotafsiri Mwalimu Nyerere, inaanza vizuri mno: mafundi wa Roma, seremala na mshona viatu, wanakaripiwa kwa kuzurura siku ya kazi. Kisha mafundi wale wanapotea, wanabaki wakubwa na visu vyao.

Kilichonikaa moyoni ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Wengi husifu msafara wa kwenda bara, wapagazi na mizigo yao, na wana haki. Mimi nasifu duka. Yusuf na Khalil wanauza mchana kutwa, usiku wanalala barazani hapohapo, na Khalil anamkanya mwenzake asimwite tajiri ami, kwani si ami yake. Hakuna mnyororo popote, na bado mtoto yule hana pa kwenda. Lawama yangu ni kwamba Yusuf hutazama mno. Katikati nilitamani apige kelele walau mara moja.

Kuli cha Shafi Adam Shafi niliwasomea kwa sauti vijana wanaopakia magunia pale ghalani. Ni habari za bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Rashidi, mhusika mkuu, ni mwema kupita kiasi na wabaya wake ni wabaya tu, lakini vijana hawakujali hilo. Walibishana kuhusu ujira mpaka lori likafika, na mmoja akakiazima. Kama hujazoea riwaya, anza na hicho. Peponi kinataka utulivu, na hilo duka usilipite haraka.