TAHADHARI: Ile "eosini" ya chupa za kahawia si eosini

Wana-histo, sisi wa maabara za tishu tunaotumia eosini, rangi nyekundu ya kupakia slaidi za darubini: yule muuza kemikali wa chupa za kahawia za gramu 25, mnamjua, msinunue kwake tena. Tumepigwa, na inauma zaidi kwa kuwa wanaopigwa ni watu wanaoshinda na rangi hii kila siku.

Mchezo wake uko hivi. Anafungua chupa mbele yako, anachota unga kwa ncha ya kijiko, anautia kwenye bika ya maji. Maji yanakuwa mekundu papo hapo, hakuna hata chenga. Anachovya karatasi ya kuchujia, inakolea vizuri. Kisha anakugeuzia lebo: C.I. 45380 (namba ya Colour Index, orodha ya kimataifa ya rangi; hii ni ya eosini Y, eosini yetu ya kawaida), namba ya toleo, tarehe ya kuisha, kizibo kina utepe. Risiti anatoa. Bei nayo haikuwa ya kutia shaka, ilipungua kidogo tu. Nani angekataa? Kumbe maji hayathibitishi kitu, maana rangi za chakula kama Ponceau 4R nazo huyeyuka majini vilevile. Alkoholi hakuigusa kabisa, na alijua kwa nini: rangi hizo haziyeyuki vizuri kwenye alkoholi kali.

Hasara inaonekana kwenye slaidi. Eosini Y ya kweli, 0.5% katika alkoholi ya 80% yenye asidi asetiki 0.5 ml kwa kila 100 ml, hutoa madaraja matatu: chembe nyekundu za damu zinawaka, misuli inafuata, kolajeni, nyuzi za tishu unganishi, inabaki pinki hafifu. Hii ya kwake ilitoa pinki moja kote, ikaondoka karibu yote kwenye maji, na mashapo mekundu yakatuama chini ya jari.

Ubaya ni kwamba eosini hafifu ina visababishi vingi vya kawaida. pH ikipita 5 rangi haishiki. Slaidi zikichelewa kwenye alkoholi ya 70% inatoka. Kwa hiyo watu wanabadilisha alkoholi, wanaongeza asidi, wanailaumu hematoksilini (rangi ya buluu ya viini vya seli inayotangulia eosini), na unga wenyewe haushukiwi. Huku bayopsi, vipande vya tishu za wagonjwa, zinangoja majibu!

Huyu afutiwe usajili. Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayesajili wafanyabiashara wa kemikali, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wanahusika na vitendanishi. Kote kupelekwe chupa. Kurudisha pesa hakutoshi, afikishwe mahakamani, na aliyemchapia lebo awe naye kizimbani.

Dalili, kwa kifupi. Lebo inasema 45380 lakini uzito wa molekuli umeandikwa 624.06. Huo ni wa eosini B, yaani C.I. 45400, eosini Y ni 691.85. Asilimia ya rangi halisi haikuandikwa popote.

Kabla ya kulipa, tia unga kidogo wa ncha ya kijiti katika lita moja ya maji, umulike kwa tochi ya UV ya kukagulia noti. Eosini inang'aa kijani-manjano. Usikoleze, ikiwa nzito mng'ao unajificha. Kisha chukua myeyusho wa 1%, dondoshea asidi hidrokloriki: eosini inaganda kuwa mashapo ya machungwa, rangi ya chakula inabaki majimaji mekundu. Mwisho tikisa gramu 0.5 katika 100 ml ya ethanoli ya 95%. Eosini inayeyuka, kikibaki kitu cheupe chini, wamechanganya chumvi au deksitrini.

Chupa msizitupe, lebo na unga ndio ushahidi. Slaidi nazo zinaokoleka: ondoa kava (kioo chembamba cha juu) kwa zailini, shusha kupitia alkoholi hadi maji, acha rangi itoke yote, kagua hematoksilini kwenye darubini, kisha paka eosini halali.