Kibali cha ujenzi: ukifuatilie mwenyewe au umwachie mkandarasi?

Kabla ya kubomoa ukuta au kuongeza chumba, amua nani ataomba kibali: wewe au mkandarasi.

Ukienda mwenyewe, huna haja ya kumlipa mtu akuhangaikie, na masharti unayasikia kwa masikio yako. Lakini kazi ipo. Mchoro lazima uonyeshe vipimo, umbali wa jengo kutoka mpaka wa kiwanja, pengine hata mabomba yanapopita. Kikikosekana kimoja, faili linarudishwa na unaanza kusubiri upya. Tena, aliyeomba kibali ndiye anayetafutwa ukaguzi ukikwama.

Mkandarasi mzoefu humaliza hayo haraka, na humwita mkaguzi kabla zege halijafunika nondo. Hapo ndipo wengi wanapoumia: msingi ukimwagwa bila kukaguliwa, unaweza kuamriwa kuuvunja.

Kupaka rangi au kubadilisha makabati kwa kawaida hakuhitaji kibali. Uliza tu kwanza. Kwa nguzo, umeme na mabomba, mimi ningemwachia mkandarasi, ila nakala ya kibali chenyewe ningetaka niishike kabla kazi haijaanza. Akikwambia "tuanze tu, kibali kitafuata", tafuta mwingine.