Darasa la Kiingereza la jioni, Dodoma: somo la kueleza furaha

Darasa hili, lililo jirani na Nyerere Square, huhudhuriwa zaidi na watumishi wa ofisi wanaohitaji Kiingereza cha barua na vikao, na somo lililonivutia kuliko yote lilihusu "look forward to", kirai kitenzi ambacho Waingereza hukitumia kueleza furaha juu ya jambo ambalo bado halijafika. Mwalimu aliandika ubaoni mwaliko wa kikao, akapigia mstari "to", kisha akaeleza kwamba hapo ni kihusishi, kwa hiyo hufuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing": "look forward to meeting you", wala si "meet you". Kinachowachanganya watu ni "happy to meet you", ambamo "to" ileile hutangulia kitenzi kisicho na nyongeza. Ufafanuzi wa namna hiyo, uliotolewa bila kumdhalilisha mtu (na humo mna wakubwa wa idara), ni nadra kuupata.

Matamshi, hata hivyo, yametengewa muda mdogo mno, na ngurumo za bodaboda dirishani humfunika mwalimu. Ada ni ya wastani, ila hulipwa yote kwa mkupuo, jambo linalowabana wanaosubiri mshahara.