Kabla hujalipia wijeti ya kuonyesha blogu, uliza blogu ikizimika itakuwaje

Nina tovuti ya kupokea oda za keki, na blogu ya mapishi iliyo mahali pengine kabisa. Nilitaka kitu kimoja: nikiandika pishi jipya, vichwa vitano vya karibuni vijionyeshe vyenyewe kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti. Nikalipia wijeti, yaani kisanduku cha kubandika kwenye ukurasa kinachovuta posti za blogu, mwaka mzima, kwa dola. Mkesha wa Idi, oda zimepamba moto, mteja akanipigia: "Dada, mbona tovuti yako ina boksi jeupe?" Seva ya blogu ilikuwa imelala tangu asubuhi, na wijeti haikuwa na nakala hata ya jana yake. Chini ya boksi tupu, jina la muuzaji liling'aa vizuri tu.

Tangu hapo siulizi rangi wala mitindo, nauliza blogu ikizimika itakuwaje. Wauzaji wote huandika kwamba posti "zitajisasisha zenyewe". Hakuna anayeandika kinachotokea zikishindwa.

Njia ya kwanza ya kuvuta posti kwangu, na sifichi kwamba naipendelea, ni SimplePie. Ni maktaba ya PHP ya bure, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao seva yako inauita tu. WordPress yenyewe, programu ya kuendeshea blogu, huitumia ndani kwa ndani kusoma milisho (faili ambamo blogu huorodhesha posti zake mpya). Mistari ni michache: unaipa anwani ya mlisho (kwa WordPress ni anwani ya blogu ukiongeza /feed/), unaielekeza kwenye folda ya kuhifadhia nakala, unaita get_items(0, 5), kisha foreach (amri ya kurudia) inachapa kichwa, kiungo na tarehe. Mlisho uwe wa muundo wa RSS au wa Atom, kwake ni mamoja. Nakala hukaa sekunde 3600, kwa hiyo wageni mia wakiingia ndani ya saa moja, blogu hupigiwa hodi mara moja tu.

Sasa sikiliza vizuri. Nakala ikishapitwa na muda na blogu haipatikani, SimplePie haikurudishii ile ya zamani mpaka uandike mwenyewe force_cache_fallback(true). Swichi hiyo huja imezimwa, na mifano mingi watu wanayonakili haina mstari huo. Folda nayo lazima seva iruhusiwe kuandika ndani yake. Isiporuhusiwa, unajiona una nakala kumbe kila mgeni anakwenda kuigonga blogu upya, na ukurasa unajikokota.

Ya pili ni kwa wenye blogu ya WordPress: anwani ya blogu ukiongeza /wp-json/wp/v2/posts?per_page=5, iliyokuja na toleo la 4.7 mwishoni mwa 2016. JavaScript ya tovuti yako, yaani skripti inayoendeshwa na kivinjari cha mgeni, inaisoma moja kwa moja. Usijaribu hivyo kwa mlisho wa RSS wa kawaida, maana kivinjari hukataa skripti ya tovuti moja isome ya tovuti nyingine bila seva ile kuruhusu. Wengi hukesha hapo wakidhani wamekosea msimbo. Ila blogu ikilala, boksi jeupe linarudi. Dawa yake ndogo: ndani ya div (boksi la posti kwenye ukurasa) andika kabisa kiungo cha kawaida cha blogu, skripti ikifanikiwa ndiyo ikifute.

Wenye blogu ya Blogger, huduma ya Google, wana alt=json-in-script pamoja na callback (jina la kipande cha JavaScript kitakachopokea posti) kwenye anwani ya /feeds/posts/default. Inafanya kazi, na ugonjwa wake ni uleule.

Vigeuzi vya bure vya mtandaoni, vya kukugeuzia mlisho uwe msimbo wa kubandika? Leo vipo. Yahoo Pipes nayo, huduma ya kuchakata milisho, ilikuwepo mpaka 2015, Google Feed API mpaka 2016.

Mwisho kabisa, wijeti za kulipia. Yangu ilihesabu kila mgeni anayefungua ukurasa. Idadi ya mwezi ikiisha, posti zinatoweka hadi tarehe moja ya mwezi unaofuata. Yaani mwezi ukiwa na wateja wengi ndipo unapoadhibiwa! Kujitoa ilibidi nitume barua pepe tatu, na wakati huo kadi ilishakatwa ya mwaka wa pili, kwa dola iliyokuwa imepanda tena.

Wala msidhani wa hapa nyumbani wana huruma. Fundi mmoja alinitajia laki tatu kwa "mfumo" wa kuvuta posti tano. Nikamwomba nione msimbo: ni SimplePie, ileile ya bure, na ule mstari wa force_cache_fallback haumo. Nikamuuliza, blogu ikizimika inakuwaje? Akanijibu blogu haizimiki.