Kutafuta kumbukumbu za mahakama Malindi: tathmini ya tovuti ya Kenya Law na ya huduma ya masjala

Mkazi wa Malindi anayetafuta hukumu ya zamani inayohusu familia yake ana milango miwili ya kubisha, nayo ni tovuti ya Kenya Law, ambayo huchapisha hukumu bila malipo, na masjala ya mahakama, ambako faili yenyewe imehifadhiwa. Nimeipitia yote miwili nilipokuwa nikimsaidia shangazi yangu kutafuta uamuzi wa mirathi uliotaja shamba la marehemu babu. Kwa maoni yangu, tovuti inastahili sifa kubwa kuliko inazopewa na watu wetu, na safari ya masjala huzaa matunda pale tu mtu anapokwenda akiwa na nambari ya kesi mkononi.

Kenya Law ni huduma ya baraza la taifa la kuripoti sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hukumu za Mahakama Kuu, za Mahakama ya Mazingira na Ardhi na za Mahakama ya Rufaa zinasomeka humo na mtu yeyote mwenye simu na intaneti, bila kujisajili na bila kumlipa wakili. Kwa kuwa mahakama hizo zote zimeketi Malindi kwa miaka mingi, hazina ya maamuzi yanayohusu mji huu, Watamu, Mambrui na hata Lamu ni kubwa mno. Upungufu wake uko kwenye ngazi za chini. Hukumu za mahakimu na za makadhi ni chache humo, na sisi Waislamu wa mwambao mirathi, ndoa na talaka zetu huamuliwa na kadhi, kama ibara ya 170 ya Katiba inavyoruhusu pale wahusika wote wanapokubali kusikizwa naye. Hata hivyo, uamuzi wa kadhi ukikatiwa rufaa huenda Mahakama Kuu, na jaji anapoandika hukumu yake huanza kwa kusimulia kesi ilikotoka, ikiwa ni pamoja na nambari yake ya awali. Nambari ya kesi ya babu tuliipata kwa njia hiyo, ndani ya hukumu ya rufaa iliyofunguliwa na jamaa wengine.

Kazi kubwa iko kwenye majina, na hapa ningependa msomaji asiwe na haraka. Jina moja la mwambao huandikwa kwa sura nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi, Said na Saidi, Omar na Omari, Athman na Athumani. Karani mmoja wa zamani aliandika «bin» na mwingine akaliacha. Mwanamke anaweza kutajwa kwa jina la baba yake katika kesi moja na kwa jina la mumewe katika nyingine. Kwa jirani zetu Wagiriama, majina kama Karisa, Charo, Kazungu na Katana yanarudi katika koo nyingi kiasi kwamba kutafuta jina moja pekee huleta watu wasiohusiana kabisa. Ni afadhali kuunganisha majina mawili, au kuandika jina la marehemu pamoja na neno Malindi, kisha kubadilisha tahajia moja baada ya nyingine. Njia iliyo bora kuliko zote kwa kesi za ardhi ni kutafuta nambari ya shamba, ile inayotanguliwa na neno Portion katika hati nyingi za Malindi, kwa sababu nambari haina tahajia.

Hati hizo zina historia inayoeleza kwa nini kumbukumbu za mahakama ni muhimu sana kwetu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya mwambao wapeleke madai yao serikalini, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini migogoro iliyotokana nayo haijaisha, na mara nyingi ushahidi wa nani alikaa wapi, nani alimrithi nani na nani aliuza nini umo katika maelezo ya mashahidi ndani ya faili ya mahakama, si katika hati miliki.

Tovuti hukupa hukumu tu. Maelezo ya mashahidi, vielelezo na amri ndogondogo vimo katika faili, na faili iko masjala. Kabla ya kutoka nyumbani ni lazima ujue unaitafuta ya mahakama ipi, maana chini ya jina la Mahakama ya Malindi zimo masjala za mahakama mbalimbali: ya mahakimu, ya kadhi, ya Mahakama Kuu na ya Mazingira na Ardhi. Kesi za ardhi zilizofunguliwa kabla ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuundwa kwa sheria ya mwaka 2011 zilianzia Mahakama Kuu, na zile za zamani zaidi, kabla Malindi haijapata Mahakama Kuu yake, zilipelekwa Mombasa. Mtu wa Amu au Faza naye asivuke kwenda Mokowe na kupanda basi la Malindi kabla ya kuuliza kama faili yake haiko Garsen, ambako kuna Mahakama Kuu inayosikiza mashauri ya Lamu siku hizi. Kesi zilizofunguliwa kwa njia ya mtandao zina herufi E mbele ya nambari, na hizo ni rahisi kuzifuatilia.

«Nambari ya kesi na mwaka, mama?» ndilo swali la kwanza ambalo shangazi aliulizwa dirishani, na kwa kuwa alikuwa nayo, mazungumzo yalikuwa mafupi na ya heshima. Asiyekuwa mhusika wa kesi wala wakili wake anapaswa kumwandikia naibu msajili barua, akieleza uhusiano wake na marehemu na sababu ya kutaka kuisoma faili. Sisi tuliambatisha cheti cha kifo. Omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, hata kama gharama yake ni kubwa kuliko ya nakala ya kawaida, kwa kuwa ofisi ya ardhi haitaipokea karatasi isiyo na muhuri. Malipo yafanywe kwa njia rasmi na risiti itunzwe. Mtu anayekungoja nje ya lango akidai anaweza kukutolea faili haraka si mtumishi wa mahakama, na sikupenda kuona wazee wakimsikiliza.

Jambo moja linaniuma katika huduma zote mbili. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa ibara ya 7 ya Katiba, lakini karibu kila hukumu tuliyoifungua ilikuwa ya Kiingereza, na ilibidi nimfasirie shangazi sentensi kwa sentensi habari za shamba alilozaliwa. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili ungeweza kuwatosha watu wengi.

Faili za zamani nazo hazikai milele. Kanuni za kuondoa nyaraka za mahakama zinaitaka mahakama itangaze katika Gazeti Rasmi la Kenya kwamba baada ya miezi mitatu itamwomba Jaji Mkuu idhini ya kuteketeza kumbukumbu za miaka fulani, na mwenye kielelezo chake ndani ya faili hutakiwa akiombe kabla ya muda huo kwisha. Gazeti hilo pia linapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Mwenye kesi ya miaka mingi iliyopita na aanzie humo, aandike jina la mahakama yake, na akiona tangazo ambalo miezi yake haijatimia, apeleke barua yake kwa naibu msajili mara moja.