WireGuard Kama Huduma ya Mfumo: Umeme Ukirudi, Itaamka Yenyewe?

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo tupo Mwanza, na hapa mezani nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, ruta ya laini ya simu, na bidhaa yenyewe tunayoichambua: WireGuard, aina ya VPN, yaani handaki la siri la kuunganisha kompyuta kupitia intaneti, iliyowekwa kama huduma ya mfumo inayojiwasha yenyewe kwenye Linux. Swali langu ni moja tu. Umeme ukikatika Kirumba usiku wa manane ukarudi alfajiri, hii VPN itasimama yenyewe, au kuna mtu atapanda bodaboda kwenda kuigusa?

Nasema Kirumba kwa sababu kifaa hiki kinakwenda kukaa kwenye stoo ya dagaa pale Mwaloni. Daftari la mauzo liko kwenye kompyuta ya stoo, mwenye mali yuko Nansio, Ukerewe, na anataka kuona hesabu zake bila kusubiri meli. Laini zetu za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya intaneti ya peke yako, mnachangia wengi, kwa hiyo huwezi kuifikia stoo moja kwa moja kutoka nje. Stoo ndiyo inayoita seva ya kukodi, ambako mwenye mali naye anaingilia, na lazima iendelee kuita. Ndiyo kazi ya huu mstari hapa, PersistentKeepalive = 25. Kila sekunde 25 inatuma pakiti ndogo ili mtandao wa simu usiifunge njia.

Kwenye kufunga sikawii. WireGuard imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 5.6, Machi 2020. Unaandika faili lako /etc/wireguard/wg0.conf, unalibana kwa chmod 600 maana lina ufunguo wa siri, halafu amri moja: systemctl enable --now wg-quick@wg0. Kwisha habari.

Sasa sogeeni hapa kwenye skrini. Naandika systemctl status wg-quick@wg0. Mnaona? Kitone cha kijani, active (exited). Wengi wakiona kijani wanafunga laptopu wanaenda zao kula sato. Ngoja kwanza. Hii ruta nimeichomoa makusudi, intaneti hakuna kabisa, na bado kijani! Ni kwa sababu hakuna programu yoyote inayokimbia nyuma ya pazia. wg-quick, skripti ya kuwasha WireGuard, inaamka, inaiambia kerneli ijenge handaki, inapanga njia za pakiti, inaondoka. systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inachokumbuka ni kwamba kazi ilifanyika. Kwa hiyo hata ukiweka Restart=on-failure haitakuokoa handaki likizingua baadaye, maana hakuna kitu cha kufa kikafufuliwa. Ukweli uko kwenye sudo wg show, mstari wa latest handshake, yaani salamu ya mwisho kati ya pande mbili. Ukiwa na ile keepalive, pande mbili zinasalimiana upya kila baada ya kama dakika 2. Ukikuta imepita dakika 3, hapo handaki limelala, kijani kiseme kinavyosema.

Haya, umeme. Na hapa ndipo maksi zinapopungua. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa ghafla, inaamka na muda iliouhifadhi mara ya mwisho, ambao uko nyuma ya muda wa salamu ya mwisho. WireGuard inabandika muda kwenye kila salamu ya kuanza, na seva inakataa salamu yenye muda wa nyuma ili mtu asirudie pakiti za zamani. Inakataa kimya kimya, hupati hata neno la kosa. Kwa kawaida saa ingejirekebisha kupitia intaneti, lakini ukiwa umeweka AllowedIPs = 0.0.0.0/0, kila kitu kinapita kwenye handaki, hata ombi la kuuliza saa. Saa inasubiri handaki, handaki linasubiri saa. Kisha baada ya muda linaunganika lenyewe, saa ya Pi ikishafika pale ilipokuwa, na fundi anasema ruta ndiyo mbovu.

Dawa ninayoipenda: kwenye AllowedIPs weka anwani za mtandao wako wa VPN tu, daftari la mauzo halihitaji kupitisha YouTube ya vijana wa stoo. Ukilazimika kupitisha vyote, washa systemd-time-wait-sync, halafu kwa systemctl edit wg-quick@wg0 ongeza Wants=time-sync.target na After=time-sync.target. Handaki litasubiri saa ikae sawa. Au nunua moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake. Raspberry Pi 5 ina saa ndani, ila betri unainunua pembeni.

OpenVPN je? Hiyo ni programu inayokimbia kweli, ikianguka systemd inaweza kuiinua, na logi zake ndani ya journalctl zinaeleweka. Inaweza pia kupita kwa TCP kwenye porti 443, wakati WireGuard ni UDP tu, mtindo mwingine wa kutuma pakiti. Mtandao wako ukizuia UDP, chukua OpenVPN bila kujiuliza. Kwa stoo ya Mwaloni nabaki na WireGuard, kwa masharti ya saa niliyoyasema.

Jambo la mwisho kwa mliopo Tanzania: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake. Kama unaifungia biashara, malizana na hilo kabla hujampa mteja ankara. Faili zima la mipangilio, bila ufunguo wangu, liko hapo chini kwenye maelezo.